Kaingu Bila Mpira

Tezo, Kilifi
2 Februari 1986

Mjomba wangu Stambuli,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na Bi Kamaria, na nyumba nzima mpaka paka wake. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mama angali Mombasa kwa dada. Mjukuu wake analia mchana kutwa na hataki kubebwa na mtu mwingine, kwa hiyo msimtazamie Malindi upesi. Hapa nakaa nyumba moja na mwalimu mwenzangu, Dorcas, mtu wa Machakos. Yeye hupika mahindi na maharagwe, mimi huyatia nazi akigeuka, naye hujifanya hajui.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Nimepewa timu ya mpira ya wavulana.

Najua unacheka. Mwalimu aliyekuwa nayo amehamishwa. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Laban, alituuliza mkutanoni nani ataichukua. Wanaume wakaanza kutazama paa. Nikainua mkono.

"Mwalimu Tima? Umewahi kucheza?"

"Sijawahi."

"Sasa utawafunza nini?"

"Sijui bado," nikasema, na hilo ndilo lililowavunja mbavu.

Akanipa kipenga, lakini kwa sharti. Muhula wa tatu analetwa mwalimu mwanamume, Bwana Thuku, aliyesomea michezo. Nikiwafikisha watoto ubingwa wa wilaya kabla ya hapo, timu ni yangu. Nisipowafikisha, nampa Bwana Thuku kipenga na kurudi kwenye kwaya.

Siwezi kukueleza vizuri kwa nini naitaka. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiwatazama kutoka dirisha la darasa langu, na kuna kitu sikielewi, na kitu nisichokielewa huninyima raha. Kwa nini wote huufuata mpira kwa pamoja, kama kuku waliomwagiwa mtama? Nimewachorea ubaoni, kila mtu na mahali pake. Nawaambia tawanyikeni, wanatawanyika. Nikipepesa macho, wamerudi rundo.

Wewe ulicheza winga, kisha ukafunza vijana wa klabu. Mama husema uliacha ghafla na hukumwambia mtu sababu. Siulizi hilo. Nauliza hili la kuku.

Mpwa wako akupendaye,
Tima


Malindi
16 Februari 1986

Mwanangu Tima,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako ilisomwa hapa kwa sauti. Bi Kamaria alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Huyo ametoka kwako, hakutoka kwa babake." Sikujua kama ni sifa au lawama. Sote tu wazima ila goti langu. Duka linakwenda polepole. Jirani amejenga ukuta na kuumeza uchochoro, sasa tunazunguka kwenda msikitini.

Ubao uache, mama. Unawaambia watawanyike nao wanakutii, kisha mpira unawaita, na mpira wanaupenda kuliko wewe. Fanya hivi. Wacheze kwa mikono. Hakuna teke, hakuna kukimbia na mpira. Anayeushika asimame, aurushe kwa mwenzake. Mtoto mwenye mpira mguuni hutazama mguu wake. Ukiwa mkononi, macho yake yako huru. Atamtafuta mwenzake, na mwenzake atajifunza kusimama anapoonekana.

Watanuna. Waache wanune. Wala usiwaambie kwa nini unafanya hivyo. Wakijua wenyewe hawatasahau.

Hilo jingine, ambalo umesema huulizi, umefanya vyema kutouliza.

Mjomba wako,
Stambuli


Tezo
9 Machi 1986

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa goti. Bi Kamaria nampa salamu na kanga hii ndogo aliyoniachia mama. Nimeikunja ndani ya bahasha kubwa, aniambie kama imefika. Mvua hatujaiona. Dorcas amepanda mboga ya sukuma nyuma ya nyumba na anaimwagilia kwa maji ya kuogea. Nami nimekatazwa kupita huko.

Walinuna! Ngala, mlinda lango wetu, aliniambia kwa adabu kabisa kwamba huo ni mchezo wa wasichana na kwamba dada yake anaujua zaidi. Baba mmoja alisimamisha baiskeli kandoni, akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Niliendelea. Sikuwa na hakika hata kidogo, mjomba, lakini niliendelea. Kisha wiki iliyopita, tukiwa katikati ya mchezo, Ngala alishika mpira, akasimama, akageuza kichwa huku na huku, akaniita: "Mwalimu, mbona leo uwanja umekuwa mkubwa?"

Sikulala vizuri kwa furaha. Uwanja ni ule ule wa juzi, wenye mteremko, na mikorosho upande wa barabara. Kimekua nini hasa? Macho yake? Nimeliwaza jambo hili njiani, jikoni, hata darasani nikifunza hesabu.

Sasa nina mtoto mwingine wa kukuuliza. Anaitwa Kaingu, wa darasa la sita, mwembamba, anatumia mguu wa kushoto. Nyumbani huchunga mbuzi. Huwapita wenzake bila haraka, kana kwamba wamekubaliana wampishe. Nilikaa chini kandoni ili niyaone macho yake, nikagundua kwamba hatazami mpira. Nikamwita.

"Kaingu, unatazama nini unapompita mtu?"

"Kiuno chake, mwalimu."

"Kiuno?"

"Miguu inaongopa. Macho nayo yanaongopa. Lakini mtu hawezi kwenda mahali akaacha kiuno. Kikigeuka, mimi napita upande wa pili."

"Nani amekufunza?"

"Mbuzi," akasema, akarudi kucheza.

Tangu siku hiyo natazama viuno vya watu wote, Bwana Laban akiwemo, na ni kweli, huonekana watakakokwenda kabla hawajaenda. Dorcas ameniomba niache, anasema wazazi wataanza kusema. Wewe ulilijua hili ulipocheza? Au kuna wanaozaliwa nalo? Na kama alifunzwa na mbuzi, mimi kazi yangu kwake ni ipi?

Mpwa wako,
Tima


Malindi
20 Aprili 1986

Mwanangu,

Marahaba. Niwie radhi kwa kukawia. Kanga imefika na Bi Kamaria ameivaa kwenye harusi mbili. Mimi nimekuwa na shughuli siku hizi, natoka alasiri, narudi magharibi. Goti linalalamika lakini nami silisikilizi.

Umeniuliza maswali matatu, nami nakujibu moja: kazi yako kwa mtoto aliyezaliwa na kitu ni kumfunza kile asichozaliwa nacho. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Huyo Kaingu wako amenikaa kichwani. Niambie zaidi. Hucheza upande gani akiachiwa achague? Akipokea mpira huugusa mara ngapi kabla hajaondoka? Na hili hasa nataka kulijua: akikabiliwa na mtu asiyemjia, aliyesimama tu, hufanya nini? Mtazame vizuri, uniandikie. Ni udadisi wa mzee, hakuna zaidi.

Mjomba wako,
Stambuli


Tezo
18 Mei 1986

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote. Futari yangu hapa ni mihogo na uji, na Dorcas, ambaye hafungi, hukaa nami kwenye mkeka kungojea jua lizame na kuniuliza kila mara kama bado. Idd nitaifanyia Mombasa kwa mama. Timu haikupumzika, nasimama uwanjani na koo kavu, na kipenga hakitoi sauti.

Swali lako limenifurahisha, maana sikuwa nimelifikiria. Nilimweka Ngala mbele ya Kaingu nikamwambia asimame kama nguzo, asitikisike hata akichekwa. Kaingu akaja na mpira, akasimama. Wakatazamana. Wenzao wakaanza kupiga makofi na kuimba, "Bwana harusi, bibi harusi!" Kaingu akajaribu kushoto, akarudi, akajaribu kulia, mpira ukamponyoka. Nilirudia siku nyingine kwa watoto wengine. Mambo yakawa yale yale. Kiuno kisipotikisika hana cha kusoma. Alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga, nami nikaacha.

Upande aupendao ni kulia, ili aingie ndani na mguu wake wa kushoto. Huugusa mpira mara mbili, ya kwanza nyepesi.

Tumeshinda mechi zetu zote za huku. Bwana Laban ametutafutia mechi ya kirafiki Malindi tarehe 21 Juni, na shule moja ya hapo mjini. Nasikia wao ndio watakaotusumbua kwenye wilaya. Wamepata mtu wa nje ya shule wa kuwafunza, mtu mzima, asiyesema sana. Unamjua? Kama unamjua niambie anapenda kucheza vipi. Na siku hiyo njoo ututazame, nitafurahi mno.

Mpwa wako,
Tima


Tezo
22 Juni 1986

Mjomba,

Shikamoo. Tumefika salama. Mama anasalimu, na mtoto ameota jino.

Barua yangu ya Ramadhani haikujibiwa, nikadhani imepotea. Jana nikajua haikupotea.

Sina haja ya kukusimulia mechi, ulikuwa umekaa pale. Nilipokuona kwenye benchi lao na kofia yako nyeupe, nilidhani umekaa kivulini tu. Kisha watoto wao wakakuzunguka, nawe ukawaonyesha kitu kwa vidole, nikaelewa. Nilivuka uwanja. Ningefanya nini? Wewe ni ndugu wa mamangu. Nikainama mbele ya watu wote, nikakubusu mkono. Ukasema, "Marahaba, mwanangu," basi. Nikarudi kwa watoto wangu, na mechi ilikuwa imekwisha kabla ya kipenga.

Manne kwa bila. Beki wako alisimama mbele ya Kaingu kama nguzo. Neno hilo nililiandika mimi.

Lakini kuna jambo hukulisikia, lililosemwa ndani ya lori tukirudi. Tulikuwa tumekwisha kupita Gede. Ndipo Ngala akasema, "Mwalimu, ulimbusu mkono."

"Ni mjomba wangu."

"Tumeambiwa. Sasa sisi tungemfungaje babu yetu?"

"Hakuna aliyesema msimfunge."

"Mwalimu," Kaingu akasema, naye alikuwa amejifunika uso kwa shati, "wewe ndiye mkubwa wetu. Ukiinama wewe, sisi tunabaki wapi?"

Nimelala na swali hilo.

Nawaombea afya. Safari hii sina swali.

Tima


Malindi
29 Juni 1986

Mwanangu Tima,

Marahaba. Sote wazima. Hapa mtaani watu wote wako kwenye redio kusikiliza fainali ya Meksiko, nami nimejifungia ndani kukuandikia. Ujue basi.

Ile shule iliniomba mwezi wa Machi. Nilikuwa nimeapa sitashika timu tena, lakini barua zako zilikuwa zimenichokoza, nikakubali. Sikudhani tutakutana. Ulipouliza kama namjua mtu huyo niliandika majibu mawili, na Bi Kamaria akanikataza kutuma hata moja. La kwanza alisema ni la uongo, la pili alisema ni la mtu anayejitetea. Nikakaa kimya, na kimya kikawa kibaya kuliko yote mawili.

Ningekwambia, ungeacha kuniuliza. Katika nyumba hii hakuna anayeniuliza kitu juu ya mpira isipokuwa nitaacha lini.

Ndiyo, nililitumia uliloniandikia. Watoto wa hapa nao wananitegemea, singeweza kujua jambo nikawanyima. Umekasirika. Hukulisema, lakini barua isiyo na swali kutoka kwako najua maana yake.

Kuhusu mkono: ulipoinama niliwaona watoto wako nyuma ya bega lako. Nyuso zao zilizimika, wote pamoja. Niliona na sikuweza kufanya lolote. Mtu akija kukuamkia humwambii rudi. Na fainali ya wilaya tukikutana, inshallah, itakuwa hivyo tena. Ukiniamkia, wataanguka. Usiponiamkia, mji mzima utauliza binti wa dada yangu amelelewa na nani, na mamako atalisikia huko huko Mombasa. Nimelizungusha jambo hili kichwani wala sijui utafanyaje.

Kaingu je? Mguu wake wa kushoto je? Umempa dawa gani ya nguzo?

Mjomba wako,
Stambuli


Tezo
13 Julai 1986

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Sote hatujambo. Mvua imenyesha, sukuma za Dorcas zimestawi. Ameanza kuwapa majirani, na mimi sasa naruhusiwa kupita.

Umeuliza habari za Kaingu. Hajambo. Umeuliza habari za mguu wake. Upo. Dawa ya nguzo siijui, mimi si mganga.

Tumeingia fainali, kama ulivyosikia, na nyinyi pia, kama nilivyosikia. Bwana Thuku alikuja juzi kutazama nyumba atakayokaa. Ni kijana mpole. Alipopita uwanjani alikiona kipenga changu juu ya kiti, akakipuliza mara moja kukijaribu. Watoto wakasimama wote. Nilitabasamu, mjomba, lakini moyo ulinipasuka. Bwana Laban akamwambia, "Bado, bado, ngoja tuone tarehe 26." Basi ni tarehe 26.

Tutafika Malindi Ijumaa alasiri, tutalala madarasani. Jumamosi asubuhi nitakuja nyumbani kukuamkia. Tafadhali mwambie Bi Kamaria akaange mahamri, na yazidi kidogo.

Mpwa wako,
Tima


Malindi
28 Julai 1986

Mwanangu Tima,

Marahaba. Naandika kabla sijalisahau hata neno moja, ingawa Bi Kamaria anasema siku hizi silisahau neno linaloniumiza.

Nilidhani unakuja peke yako. Ulibisha hodi nami niko kwenye kikoi na fulana, goti limepakwa mafuta ya habasoda, nanuka kama duka la dawa. Nafungua mlango, baraza yote imejaa watoto! Wakaingia mmoja mmoja. "Shikamoo babu." "Marahaba." "Shikamoo babu." "Marahaba." Mkono wangu ulibusiwa mpaka ukalowa. Wa mwisho alikuwa mwembamba.

"Wewe ndiye Kaingu?"

"Ndiye mimi. Babu, hilo goti ulivunjwa na beki?"

"Nilianguka kwenye ngazi ya duka, nikishusha kopo la samli."

Walicheka, nami nikacheka, na chai ya yule mlinda lango ikamwagika kwenye mkeka. Bi Kamaria akapita na sinia la pili la mahamri. "Kuleni, wanangu. Kuleni mkamfunge."

"Kamaria!"

"Nini? Si watoto wa Tima?"

Ndipo ukasimama katikati ya ukumbi wangu ukasema, nao wote wanasikia: "Mjomba, salamu za leo tumekwisha kuzitoa, mimi na wanangu. Uwanjani hatuna deni." Nikasema haya. Ningesema nini? Hukunivunjia heshima hata kidogo, na mkono wangu haukuwa na la kudai tena. Na watoto wako walikuwa wamekwisha kuniona nilivyo, mzee mwenye kikoi, aliyeangushwa na kopo la samli. Pale pale nilijua mchana utakuwa mrefu.

Mechi uliiona kwa upande wako, mimi nakwambia nilivyoiona kwa upande wangu. Nilimpanga beki wangu asimame. Kaingu akapokea mpira. Mguso mmoja, kisha akautoa kwa mwenzake! Akaja mbio kwa beki wangu bila kitu mguuni, akampita ubavuni akielekea kibendera cha kona. Na nguzo yangu ikang'oka, ikamfuata. Nikapiga kelele, "Kaa! Kaa hapo!" Akarudi. Kaingu akaja tena, bila mpira. Akang'oka tena. Mara ya mwisho, ile ya kipindi cha pili, nafasi aliyoiacha ilikuwa pana kama mlango wa msikiti, na yule mfupi wenu akapita katikati na kufunga. Kaingu hakuugusa mpira katika goli lile. Kisha akashangilia kuliko aliyelifunga.

Moja kwa bila. Watu wa mjini wanasema nimekuachia. Nimemwambia kila aliyesema kwamba sijamwachia mtu maishani mwangu, hata Kamaria kwenye karata.

Sasa nina swali, na safari hii mimi ndiye ninayeuliza. Ulimfanyaje? Mambo ya nafasi na beki nayajua. Nakuuliza juu ya moyo wa yule mtoto. Mchezaji bora wa timu, aliyezoea kupendwa kwa sababu ya mpira, alikubalije kukimbia bila mpira? Zamani nilikuwa na kijana kama yeye kwenye klabu. Nilimwambia akimbie vivyo hivyo. Akaniuliza amenikosea nini. Nikamlazimisha. Akavua fulana, akaiweka chini mbele yangu, akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Kesho yake sikwenda uwanjani, wala kesho kutwa. Mamako husema sikumwambia mtu sababu. Sababu ni kwamba sikuijua. Mpaka leo sijui nilipaswa kumwambia nini.

Nijibu, mwanangu.

Mjomba wako,
Stambuli


Tezo
7 Septemba 1986

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na Bi Kamaria shikamoo mara mbili kwa yale mahamri. Mama amerudi nyumbani kwake Mambrui na ameanza kuniuliza mambo ya kuolewa, nami nimeanza kumjibu mambo ya mpira, kwa hiyo hatuelewani vizuri. Dorcas amevuna.

Mombasa, kwenye mashindano ya mkoa, tulifungwa mechi ya kwanza. Walikuwa wakubwa, wana mbio, na mwalimu wao alikuwa na mawazo ambayo sijawahi kuyaona, nimeyaandika yote. Muhula ulipofunguliwa Bwana Laban alituita ofisini, mimi na Bwana Thuku. Akasema, "Mwalimu Tima, ulisema hujui utawafunza nini. Umejua sasa?"

"Kidogo."

"Endelea nayo basi. Bwana Thuku atachukua mbio na kuruka." Bwana Thuku akanipa mkono, akauliza kama anaweza kuja kutazama jioni. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya mikorosho mpaka uso ukatulia.

Nimekawia kukujibu kwa sababu niliamua nisikujibu. Dorcas pia alisema, "Mwache ahangaike, kama ulivyohangaika wewe." Nikakaa wiki tano na jibu langu. Lakini kila nikilikumbuka natamani kumwambia mtu, na kila nikitafuta mtu wa kumwambia, ni wewe tu ninayemwona.

Ni hivi. Nami nilimwambia akimbie bila mpira, naye akaniuliza maneno yale yale: "Mwalimu, nimekosa nini?" Kwake mpira ukichukuliwa ni adhabu. Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maelezo mazuri kabisa, nimeyapanga tangu asubuhi. Kisha nikaona uso wake nikayaacha. Nikasema, "Hujakosa. Leo huchezi. Kaa nami hapa unisaidie kutazama viuno, maana mimi sivijui kama wewe."

Akakaa. Siku ya kwanza aliniambia nani atakwenda wapi, nami nikishangaa. Siku ya pili nikamwambia aingie uwanjani, lakini asiguse mpira, atembee tu, na aniletee habari ya viuno vya mabeki. Akatembea. Akageuka. Akakimbia kidogo, akasimama, akakimbia tena. Nikamwona anaanza kucheka peke yake. Akaja kwangu mbio, macho yamemtoka.

"Mwalimu! Wananifuata!"

"Nani?"

"Wote! Sina kitu, mwalimu, na bado viuno vinanigeukia! Naweza kuwapeleka ninakotaka kama mbuzi!"

Nilikuwa sijui kwamba atasema hivyo. Nakuapia. Nilimpa tu kitu cha kutazama, nami nikangoja kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Tangu siku hiyo kazi yangu ilikuwa kumkumbusha kwamba mara nyingine mpira nao huchezwa.

Sijui kama ningekuwa pale klabuni kwako jambo hili lingefaa. Yule alikuwa kijana mkubwa, huenda hakuwahi kuchunga kitu. Lakini naona kwamba wewe ulimwambia afanye jambo kwa ajili ya wenzake, na Kaingu alilifanya kwa sababu alitaka kuona litakuwaje. Labda ndiyo tofauti. Labda hapana. Ukiwa na mawazo mengine niandikie.

Sasa umejua. Najua una watoto wapya, na mwakani tutakutana, nami nitawaleta wangu kukuamkia asubuhi kama ada. Jioni utalitumia hili dhidi yangu. Litumie, mjomba. Nimeanza kuwaza utampa beki wako kazi gani atakapomwona mtoto anamjia hana mpira naye anajua ni mtego, na nimewaza jana na leo na sipati jibu, na nataka mno nilione.

Tima